Perkloriri hakuna, nataka plaki 25 za sirkwi: nifanye namna gani? (Goma)

Fundi wa Ndosho (Goma)

Jambo wakubwa, jambo wadogo, jambo na wadada wote wenye kushika feri ya kusude.

Niko fundi hapa Goma, natengenezaka batri na onduleri za watu. Tangu mwaka uliopita nimeanza kufanya kakifaa kadogo kanakata kurani batri ikishuka chini ya volti 11,5, ju huku kwetu watu wanaua batri sana, mutu anaacha televizyo na taa usiku mzima mpaka batri inafika volti 8, miezi sita hata haijaisha anarudi kwangu na uchungu batri imekufa, na batri ya ampere 100 haiko kitu ya kununua kila mwaka. Kifaa chenyewe si kigumu: LM393 moja ya kulinganisha volti, TL431 moja ya kushikilia volti, rele ya ampere 10, transista ya kuivuta, rezistansi kumi na kitu, ledi mbili. Tatu za kwanza nilisude ku plaki ya matundu na zinatembea mpaka leo.

Sasa kuko mzee mmoja mwenye depo ya solari ameniomba 25, anataka zifanane zote. Ku plaki ya matundu moja inanikula siku nzima, na ya tano macho yananza kunidanganya, nasude rezistansi fasi ya jirani yake.

Shida ni perkloriri ya feri, ile dawa ya maji inayokula shaba ya plaki fasi haikuchorwa, njia za kurani zinabaki. Chupa niliyoagiza ilifika imepasuka, ile maji ya kahawa ilikuwa imekula mpaka zipu ya begi, na bei yake sitarudilia tena. Nikajiambia, aside ni aside, mbona ya batri niko nayo bido nzima. Nikachora njia na marikeri, nikalaza plaki mu aside ya batri, nikangoja saa mbili, kisha nikaacha usiku kucha. Asubui shaba ilikuwa inangaa kuliko nilivyoiacha, na marikeri njo ilikuwa imeanza kutoka.

Mnisaidie. Kurani hapa inapotea wakati inataka, imprimanti sina ila ku fotokopi iko, na vitu vya kuagiza mbali sitaki tena. Kuko njia gani ingine?

---

Mwalimu wa teknike (Goma)

Ndugu, mimi nafundishaka elektronike na ningekuambia usikimbilie aside. Chukua plaki ya shaba nzima, iache kama masi (njia ya pamoja ya hasi), kisha kata vipande vidogo vya plaki ingine, milimetri 5 kwa 5, ubandike na supaglu fasi ya kila kiungo. Kila kipande kinakuwa kisiwa chake, unasude juu. Watu wa radio wanajengaka hivyo tangu zamani na hakuna kemia yoyote. Ama kwa sirkwi ndogo kama yako, chonga mistari na wembe wa kukata bati, ukivuta mara mbili sambamba na kubandua kauzi ka shaba kalichobaki katikati, unapasha kidogo na feri kanatoka vizuri sana.

---

Fundi wa Ndosho (Goma)

Mwalimu aksanti, ile ya visiwa nitaifanya ku prototipe. Lakini kwa 25 naona ni kazi ileile ya plaki ya matundu, tena na supaglu ku vidole.

---

Dada wa Kadutu (Bukavu)

Kaka wa Ndosho, aside ya batri haina kosa, haikuwa tu kazi yake. Shaba si kama zinki ama chuma, aside sulfuriki ya kawaida peke yake haiiwezi. Inakula tu ile uchafu mweusi wa juu, ndiyo maana ulikuta inangaa. Ili shaba iyeyuke lazima kuwe kitu cha kuinyanganya elektroni, tuseme kitu chenye oksijene ya kutoa, na perkloriri inafanyaka ile kazi yenyewe peke yake. Kwa hiyo usitafute aside kali zaidi, tafuta huyo mwenzake.

Na mwenzake yuko ku kila farmasi: o oksijene, ile ya kusafisha vidonda. Ikiandikwa volume 10 ni 3%, volume 20 ni 6%. Mimi natumia hii, na nimeitumia mara nyingi:

mililitri 100 za o oksijene 3%, gramu 30 za asidi sitriki, gramu 5 za chumvi ya kupikia.

Asidi sitriki ni ile unga mweupe wanaotiaka mu juisi, waulize wamama wanaotengeneza juisi za mifuko fasi wanaipata. Watu wanauliza kama ndimu inaweza, ndimu inabeba kama gramu 50 ya sitriki kwa litri moja, kwa hiyo ungekamua zaidi ya nusu litri ya maji ya ndimu ili upate zile gramu 30, na imekuwa nyembamba sana, acha ndimu zikae ku samaki ya kula. Chumvi usiisahau, bila chumvi haianzi. Unaweka baseni ya plastiki ndani ya baseni ingine yenye maji ya moto ya kuoga, unatikisa polepole, utaona vipovu vidogo na maji yanageuka bluu. Plaki yenye shaba ya mikroni 35 inaisha kama nusu saa, siku ya baridi inapita hapo. Haitoi moshi wa kukohoza, ndiyo maana naipenda, niko nafanyia ku baraza na watoto wako nyumba hiyohiyo.

Kuko ya haraka zaidi: sehemu mbili za o oksijene ya volume 10 na sehemu moja ya espri de seli, ile ya kusafisha karo na vyoo. Dakika tano mpaka kumi imeisha. Lakini ile inatoa mvuke mubaya, fanya inje kabisa, upepo ukupige mgongoni, miwani na glavu. Aside ndiyo inaingia ndani ya maji, maji hayaingii ndani ya aside. Na usiifanyie chumba chenye vyombo vyako, nilipoteza koleo tatu na kalipa kwa kutu ya wiki moja tu, chupa ilikuwa imefungwa vibaya chini ya meza. Mbele ya yote: espri de seli na javeli (ile ya kungarisha nguo nyeupe) visikutane, hata mu ndoo moja iliyooshwa vibaya, ile gazi inayotoka inaua.

Ikigeuka kijani usimwange. Ile kijani ni kloriri ya shaba na yenyewe inakulaka shaba, ukiongeza kidogo o oksijene ama ukipuliza hewa ndani inarudia nguvu.

Sasa mchoro. Marikeri ya kawaida ni nyepesi, kama ni kwa mkono tumia ya mafuta ama verni ya kucha. Kwa mistari mizuri, ile wino ya unga ya fotokopi na ya imprimanti ya lazeri ni plastiki, inayeyuka na joto na kushika ku shaba. Ya imprimanti ya wino wa maji haifanyi kitu. Chapisha ku karatasi ya kungaa, mimi natumia ile karatasi ya nyuma ya stika baada ya kubandua stika, wino haishiki vizuri pale kwa hiyo inahama yote kwenda ku shaba. Sugua shaba na sponji ya chuma mpaka iwe rangi ya waridi, pangusa na asetoni, na kutoka hapo usiiguse tena na kidole.

Umesema kurani inapotea. Pasi ya makala! Nisikilize, hii sikusoma fasi, nimeifanya. Pasi ya mama yangu ile ya kuku mbele, chini yake haina matundu ya mvuke kama za umeme na uzito wake wenyewe unakandamiza. Unatia makala yaliyoshika vizuri, si yale yanayotoa moshi, unakunguta majivu inje mbele ya kuanza ju kakijivu kamoja chini ya karatasi kanakata njia. Jaribu ku kipande cha karatasi nyeupe: ikigeuka kahawa haraka ni moto sana, ngoja; ikianza njano taratibu ni hapohapo. Laza plaki juu ya ubao, karatasi juu yake, juu kitambaa chembamba cha pamba, weka pasi ikae sekunde thelathini bila kuisogeza, kisha ukandamize na ncha kila fasi, kona zote, kama dakika tatu ama nne. Acha ipoe yenyewe kabisa mbele ya kubandua. Mara ya kwanza nilibandua ikiwa na moto, nusu ya njia zikabaki ku karatasi.

Kitu cha mwisho, ku fotokopi wanapenda kubonyeza 97%. Chapisha kwanza ku karatasi ya kawaida, toboa na miguu ya LM393 yenyewe: mguu kwa mguu ni milimetri 2,54, safu kwa safu 7,62. Ikiingia bila kulazimisha, saizi ni sawa.

---

Fundi wa Ndosho (Goma)

Dada hii ni somo kamili, nimeipiga picha. Pasi ya makala iko kwa bibi yangu. Swali moja ju mabatri ndiyo kazi yangu: siwezi kukula shaba na kurani tu? Volti 12, maji ya chumvi?

---

Mwana Kamalondo (Lubumbashi)

Bakubwa na ba leki, mi niko Lubumbashi na kwa mambo ya shaba acha mutoto wa huku aseme kidogo. Baba yangu alitumikaka ku usine ya shaba maisha yake yote, na wazee wa mbele yake waliyeyushaka misalaba ya shaba ikawa makuta ya kuoa na ya kununua. Leo shaba inatoka hapa na malori kila siku na sisi tunanunua plaki zinatoka China, ile inaniumaka.

Kurani mu maji ya chumvi: inafanya. Plaki unafunga ku chanya, kipande cha chuma ku hasi, shaba inatoka ku plaki. Usitie inox (chuma isiyoshika kutu) ku ile kazi, ukikosea ukaifunga ku chanya kromi yake inatoka, na ni sumu. Lakini shida yake haiko ya nguvu, ni ya mchoro wenyewe. Kurani inapita mu shaba yenyewe ili ifike fasi ya kukula. Kisha ikikata fasi moja, ile shaba iliyobaki nyuma inabaki kama kisiwa, hakuna kurani inafika tena pale, na ile inabaki ku plaki milele. Nilifanya, nikapata plaki yenye madoamadoa, nikamalizia na wembe saa tatu. Na chumvi na kurani inatoa gazi ya klore kidogokidogo, mu nyumba haifai. Tumia kemia ya Dada.

Sasa mimi sikubali kitu kimoja: pasi kwa plaki 25. Kwa mbili ama tatu, ndiyo. Kwa 25 utachoka, tano zitaharibika, kila moja unarudia. Kitu cha kufanya kingi kinachofanana ni serigrafi! Goma hamukosi vijana wa kupiga tishati, za ekipe, za kanisa, za kampanyi. Kadri, nailo, emulsyo inayoganda ikipata mwanga, rakleti ya kuvuta wino, ile tu. Viwanda vyenyewe viliichapishaka plaki hivyo miaka na miaka, neno la "sirkwi emprime" (sirkwi iliyochapishwa) halikutoka hewani. Unawapelekea mchoro mweusi ku karatasi ya kupitisha mwanga, wanachoma kadri ku jua, kisha kila plaki ni mvuto mmoja wa rakleti. Sekunde kumi. Mambo mawili tu uwaambie. Wino isiwe ya maji ile ya kitambaa, iwe ya mafuta ama ya dilwani (ile ya kuyeyusha rangi ya mafuta), ile ya plastiki na vibao, ju ya maji inabanduka ndani ya aside. Na kadri ya tishati yenye nyuzi 43 kwa sentimita inatosha kama njia zako ni milimetri moja na zaidi. Njia nyembamba zinataka 77 ama hata 120. Wino ikauke usiku mzima. Baada ya aside unaipangusa na dilwani.

Na rele ya ampere 10! Angalia upana. Shaba ya mikroni 35, kwa ampere 10 unataka karibu milimetri 7 ili isipande zaidi ya digri 10 hivi. Kama fasi haitoshi, paka etaini nzito juu ya njia nzima ama sude waya ya shaba ya 2,5 ukiilaza juu yake. Nimeona plaki njia imebanduka kama ngozi.

La mwisho na ndilo nalishikilia. Maji yaliyobaki. Nimepiga hesabu: plaki ya sentimita 6 kwa 8 inabeba gramu 1,5 ya shaba. Ukitoa nusu, plaki 25 ni karibu gramu 19 mu beseni yako. OMS, shirika la afya la dunia, inasema maji ya kunywa yasipite miligramu 2 ya shaba kwa litri. Gramu 19 inaharibu zaidi ya litri 9000. Nyinyi Goma na Bukavu munachota ziwa moja, samaki hawavumilii hata ile kidogo watu wanavumilia. Usimwange mu rigole, mawe yenu ya volkano yanapitisha maji kama kapu.

Fanya kama usine: tia misumari ya zamani na sponji za chuma mu bido ya plastiki pamoja na ile maji, inje, kifuniko kisifungwe kabisa ju gazi inatoka. Siku mbili tatu, shaba inahama inakamata ku chuma, utaona unga mwekundu. Huku wanaita sementasyo, si kwa sababu ya simenti, ni jina tu. Baada ya hapo tia bikarbonati polepole mpaka isiwe na povu. Kwa ile ya sitriki usianze na bikarbonati, sitriki inashikilia shaba haiachi ianguke, misumari iwe ya kwanza. Tope linalobaki lichanganye na simenti ya kweli, ligande, basi halitembei tena.

---

Dada wa Kadutu (Bukavu)

Mwana Kamalondo aksanti sana kwa hiyo ya ziwa, kweli mimi ile ya sitriki nilikuwa natia bikarbonati tu naona maji bado ni bluu sielewi ju ya nini. Naanza misumari leo. Ku serigrafi nakubali pia, kwa 25 pasi itamumaliza.

---

Mushombo (Bukavu)

Na ile filimu ya bluu yenye kuogopa mwanga? Kuko mutu aliniuzia kipande cha mita moja.

---

Dada wa Kadutu (Bukavu)

Ni nzuri sana kwa njia nyembamba, inapita wino. Unaibandika ku shaba na joto, mchoro unakuwa kinyume, fasi za njia ndizo zinapata mwanga, unaosha na soda ya kufulia, gramu 10 kwa litri. Jua letu la huku ni kali linatosha, lakini jaribu ku vipande: sekunde 10, 20, 40, 80, ju wingu moja likipita hesabu imebadilika. Fungia chumba kitambaa chekundu ama taa ya njano ukiwa unaikata.

---

Fundi wa Ndosho (Goma)

Wakubwa narudi na habari, wiki tatu zimepita.

Serigrafi ndiyo nilifuata. Nilikuta vijana wawili wa tishati, mwanzo walinicheka plaki si nguo, kisha wakaipenda kazi kuliko mimi. Lakini kuko kitu kimoja hapa hakuna aliyekiandika na kimenikula plaki mbili. Mchoro niliopeleka ulikuwa uleule nilioufanyia pasi. Ku pasi karatasi inalala uso chini kwa hiyo mchoro unajigeuza wenyewe, ku kadri haujigeuzi, unatoka vilevile ulivyo. Nilisude LM393, nikatia kurani, hakuna kitu, ledi zote kimya, nikatafuta saa nzima na multimetri mpaka nikagundua mguu wa 1 uko fasi ya wa 8. Plaki nzima ilikuwa kama uso ndani ya kioo. Dawa ni kugeuza tu ile karatasi ya kupitisha mwanga wakati wa kuchoma kadri. Sasa nimeandika GOMA ku kona ya mchoro: neno likisomeka sawa upande wa shaba, ndipo natia ndani ya aside, lisiposomeka napangusa wino mbele haijakauka.

Kwa aside, nilianza na sitriki ya Dada ku plaki sita za kwanza, inaenda bila haraka, safi. Zilizobaki nilifanya na espri de seli, inje, nyuma ya choo, miwani, asubui mapema watoto wakiwa shule. Kweli ni haraka: unaona shaba inakuwa nyeusi kidogo, kisha kingo zinaanza kuachia, kisha mara moja unaanza kuona mwanga unapita ndani ya plaki katikati ya njia. Ukikawia hapo dakika mbili inaanza kukula chini ya wino. Moja imepotea hivyo, simu ililia.

Kwa hiyo 22 ni nzuri, tatu nitarudia. Njia za rele nimetia waya ya 2,5 juu, nimepitisha ampere 9 nusu saa, naweka kidole haichomi. Zote nimepaka kolofani (ile utomvu wa kusudia) iliyoyeyushwa mu alkoli, ju hewa ya huku karibu na ziwa shaba isiyopakwa inakuwa nyeusi wiki moja.

Bido ya misumari iko nyuma ya nyumba. Mwana Kamalondo, siku ya pili misumari ilikuwa imevaa shaba yote, myekundu, na mtoto wangu mkubwa ameniomba mmoja akaonyeshe ku masomo. Nilimpa uliooshwa.

Sasa imebaki kutoboa. Meshi za 0,8 nilikuwa nazo nne, tatu zimevunjika, hii plaki ya fibre inazimaliza ncha, na ya 1 milimetri ni kubwa kwa miguu ya LM393, inakula pastiye (kaduara ka shaba ka kusudia mguu) yote hainiachii fasi ya etaini. Niko na plaki kumi na moja hazijatobolewa na mzee anazitaka ijumaa. Mwenye kujua fasi wanauzisha 0,8 za kabide, Goma ama Bukavu, aniambie, boti ya usiku inaweza kuniletea.

---

Mushombo (Bukavu)

Niko nazo tano. Niandikie ku faragha, kesho asubui nashuka bandarini.